Samaki Wangu na Machepe Kumi na Moja

Jumatatu, tarehe 12 mwezi wa sita

Wewe ambaye daftari hili limekuangukia mkononi, nakusihi kwa jina la Mungu: neno lisitoke humu. Mimi ni karani tu. Naogopa hata muhuri wa ofisi.

Habari ni hii. Nachimba kidimbwi cha samaki ndani ya paseli yangu, uani kwangu, hapa Mubi. Papa Athanase, baba wa Naomie ninayetaka kumwoa, atakuja Jumapili. Alisema hampi binti yake mtu asiyeweza kufuga hata kuku. (Kuku wangu watano walikufa. Kweli.) Basi, samaki! Ila nikishindwa, mtaa mzima utacheka. Nimezungusha shitingi, yale maturubai ya plastiki, pande zote nne. Hakuna atakayejua. Asante Mungu kwa shitingi!

Jumanne, tarehe 13

Nimepima udongo. Nikautia katika beseni, nikamimina maji, nikatikisa, nikainama kuchungulia kama una mfinyanzi wa kutosha kushika maji. Upo! Nikaruka kwa furaha. Nikainua macho. Jirani yangu Marcellin alikuwa juu ya paa lake akigongea mabati. Nyundo ilikuwa imenyamaza.

Jumatano, tarehe 14

Ole wangu! Hapa Mubi, mtu anayetikisa udongo na maji ndani ya beseni hatafuti samaki. Sikulifikiria hilo.

Asubuhi watu kumi na mmoja mlangoni, kila mmoja na chepe. Marcellin mbele. Nikaapa hakuna dhahabu. Akawageukia wenzake: "Munasikia? Mwenye kukatala hivi ndiye iko nayo!" Nikasema ni samaki. Mama Gentille, mmoja wao, akaniuliza, papa karani, tangu lini samaki wanachimbwa kama viazi. Nikatetemeka. Kutetemeka kukawa ushahidi. Wakaingia.

Alhamisi, tarehe 15

Shimo linafika kifuani. Kwa mikono yangu hii ya kalamu ningemaliza Krismasi. Nawashukuru kimoyomoyo. Niliwapelekea mihogo ya kuchemsha. Wakasema nataka kuwahonga waondoke. Wakaila, wakachimba kwa kasi zaidi.

Ijumaa, tarehe 16

Maji yametoka! Mengi, safi! Nikapiga makofi. Mimi peke yangu. Marcellin, matope hadi masikioni, amesema Jumapili atasimama mbele ya Papa Athanase amweleze kwamba mkwe wake ni mwongo. Naomie ananipotea.

Jumamosi, tarehe 17

Nimetia vifaranga thelathini vya tilapia. Wote wanaogelea. Nimewaomba wasife kabla ya misa.

Jumapili, tarehe 18

Papa Athanase amefika. Marcellin akasema yote: shitingi, beseni, machepe. Akaniigiza hata kutetemeka. Vizuri sana, lazima nikiri. Papa Athanase akazunguka kidimbwi, akabonyeza ukingo kwa fimbo, akatazama samaki. Kisha akamuuliza Marcellin kama kweli sikuwaambia ni samaki. Marcellin akajibu kwamba niliwaambia, lakini nani angeniamini, na vile nilivyokuwa nikitetemeka?

Papa Athanase akacheka mpaka akamshika Marcellin bega asianguke. "Mutu anatetemeka hata akisema kweli," akasema, "uongo ataweza wapi?"

Amekubali! Nitume wazee wangu waje kuongea mahari. Samaki wa kwanza watakuwa wa wale kumi na mmoja, ameamuru, nami nimeitika kabla hajamaliza. Asante Mungu. Asante Papa. Asante Marcellin, ingawa hajanisalimia.

Jumatatu, tarehe 19

Nimepata wazo. Bata! Nyumba ya bata ukingoni mwa kidimbwi. Nitaijenga kimyakimya. Naomie asijue, Papa Athanase asijue, Marcellin ndiye asijue kabisa.

Wewe unayesoma, kama unajua bata, njoo unisaidie. Ofisi iko nyuma ya soko, mlango wa tatu, ulizia Patient, ndilo jina langu. Usibishe hodi. Kohoa mara mbili. Mtu akikuuliza unatafuta nini, usiseme bata. Kataa. Kataa kwa nguvu.