Waraka Kuhusu Kuruka

Ofisi ya Uratibu wa Burudani za Ndani inapenda kuutangazia umma wa Kisii, Nyamira na viunga vyake kwamba kuruka, ambako kwa miaka mingi kumekuwa kukifanywa kiholela, sasa kumewekewa utaratibu.

Hivyo ndivyo lilivyoanza tangazo letu. Nililiandika mimi, Onchiri, Afisa Mwandamizi wa Masuala ya Kuruka, na ninasimulia yaliyofuata ili yasije yakapotoshwa na watu wa vibandani.

Mambo yalianzia Nyanchwa, kwenye ghala la zamani la ndizi ambalo mama mmoja aitwaye Phanice alikuwa ameligeuza ukumbi wa trampolini. Phanice alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Aliacha kazi, akatandaza trampolini kumi na mbili, akaajiri vijana sita, na kwa mwaka mzima watoto wa mji wakaruka bila ofisi yoyote kujua. Kisha watoto wakachoka. Walikuwa wakiruka mara mbili tatu, halafu wanakaa pembeni na simu. Phanice alipoona ukumbi unaanza kupoa, akaleta mchezo wa kidijitali.

Naueleza kama nilivyouona nilipokwenda kuukagua. Ukutani mbele ya trampolini pana skrini kubwa kama lango la kanisa. Kamera inamtazama anayeruka. Kwenye skrini mikungu ya ndizi inaanguka kutoka juu, na mtu anatakiwa aruke ili kivuli chake kiidake kabla haijafika chini. Kadiri anavyoruka juu ndivyo alama zinavyopanda. Dakika moja ikiisha, jina lake linatokea kwenye orodha, na kila aliyemo ukumbini analisoma. Watoto walirudi. Walikuja na wenzao wa Kenyenya, wakaja na wa Nyamira, foleni ikafika barabarani, na wenye boda boda wakafungua stendi hapo bila kutuuliza.

Nilimpelekea taarifa Mkurugenzi wetu, Bwana Abner Ogari, ambaye ni mtu wa maono. Aliisoma yote, kisha akauliza jambo moja tu, kwamba ni nani anayeongoza kwenye orodha hiyo.

Nikamjibu kuwa ni Mama Nyanchama, mkulima wa ndizi wa Nyamarambe, umri wake miaka sitini na mitatu. Alikuwa amewaleta wajukuu, akachoka kuwasubiri, akavua viatu, akavaa soksi za ukumbi zenye vidoti vya mpira vya kuzuia kuteleza na kupanda. Alama zake zilikuwa mia nne na kumi na mbili. Hakuna aliyemkaribia tangu siku hiyo.

Mkurugenzi alizungusha kalamu yake mezani.

"Huyo mama ameruka kwa idhini ya nani?" akauliza.

Hakukuwa na idhini. Kesho yake tukaufunga ukumbi kwa utepe na muhuri, na kamati ya watu tisa ikaundwa, mimi nikiwa katibu. Tulikaa siku kumi na moja, kwa chai na mandazi. Wiki ya kwanza ilikwisha katika kutafuta maana ya kuruka. Wapo waliosema ni lazima miguu yote miwili iondoke ardhini. Wapo walioshikilia kwamba nia inatosha, hasa kwa maafisa wa ngazi ya juu. Tulikubaliana kwamba kuruka ni hali ya mtu kuondoka ardhini kwa muda, kwa nia njema, akiwa na mpango wa kurudi.

Siku zote hizo Phanice alikuwa akija asubuhi na kuketi kwenye benchi la nje. Siku ya nne nilimwonea huruma ya kikazi, nikamuuliza shida yake.

"Vijana wangu sita wako nyumbani," alisema. "Watoto wanakuja mpaka mlangoni, wanausoma utepe, wanarudi. Bwana Onchiri, niambie tu kosa langu ni nini."

Nilimweleza kwa upole kwamba kosa lilikuwa bado linatayarishwa.

Alisimama. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini hakulia. Akarudi kuketi, na keshoye akaja tena na kuketi palepale, jambo ambalo wajumbe kadhaa walilalamika kuwa linawaharibia chai.

Waraka ulipokamilika ulikuwa na vifungu saba. Nitavitaja viwili, kwa kuwa ndivyo vilivyoleta mambo. Kifungu cha nne kilisema matokeo ya mashine ni ya mwisho, hayabadilishwi wala hayakatiwi rufaa na yeyote. Mkurugenzi alikiweka mwenyewe, kwa kuwa alikuwa amekusudia kuruka siku ya uzinduzi na kuongoza orodha, naye hakutaka wenye wivu waje kumpinga. Kifungu cha tano kilitokana na wazazi. Walikuja ofisini kuuliza kwa nini ukumbi umefungwa, Mkurugenzi akawauliza ni nani kati yao anayejua kuruka, wakatazamana. Basi ikaandikwa kwamba mtu yeyote asiyefikisha alama kumi haruhusiwi kutoa amri, ushauri wala maoni kuhusu kuruka, mpaka afundishwe na anayeongoza orodha na kufikisha alama hizo.

Marion, mpiga chapa wetu, alipofika hapo aliinua kichwa, akauliza kama kifungu hicho ni cha watu wote. Mkurugenzi akamjibu kwamba sheria ni msumeno. Marion akaendelea kupiga chapa.

Uzinduzi ulipangwa Jumamosi. Tukakumbushwa kwamba Nyanchwa ni ya Wasabato, na Jumamosi nzima iko kanisani. Tukausogeza Jumapili, Wakatoliki wa kamati wakakohoa. Hatimaye ukawa Jumatatu ya likizo ya shule, na ukumbi ukajaa watoto, wazazi, wenye boda boda na wauza ndizi. Mama Nyanchama alikuwepo, ameketi mstari wa nyuma na mkoba wake mapajani. Phanice alisimama karibu na mashine. Alikuwa ameambiwa kwamba siku ikienda vizuri huenda akafikiriwa.

Mkurugenzi aliagiza waraka wote usomwe hadharani, neno kwa neno. Marion akausoma. Kisha Bwana Ogari akavua koti na viatu, akapanda trampolini, wasaidizi wawili wakimshika mikono huku na huku, kwa kuwa itifaki haimruhusu Mkurugenzi kuwa hewani peke yake.

Skrini ikaandika: Mchezaji ni mmoja. Wengine washuke.

Wasaidizi wakashuka. Mkurugenzi akabaki katikati, miguu imetanuka, mikono imeenea. Mikungu ikaanza kuanguka. Akakunja magoti kidogo. Trampolini ikatikisika, akatulia mpaka iishe kutikisika. Akainua mabega kwa nguvu. Mabega yalipanda, visigino vilibaki.

Skrini ikaandika: Tafadhali ruka.

Makofi ya ofisi yetu yalianza hapo, nikiongoza mimi. Mkurugenzi akatabasamu, akapunga mkono, akainua tena mabega. Mikungu ilimpita kushoto na kulia. Skrini ikaandika: Tunasubiri uruke. Dakika ikaisha, orodha ikafunguka, ikateremka majina mia tatu na zaidi, ikampita mtoto wa miaka minne kutoka Nyamira aliyekuwa na alama saba, ikasimama chini kabisa: ABNER OGARI, 0.

Nilishauri umeme ukatwe. Mkurugenzi alikuwa na wazo bora zaidi. Alimwita Phanice, akamwambia kwa sauti ya chini ambayo kipaza sauti kiliichukua yote, kwamba mashine ina hitilafu, airekebishe iseme mia tano.

Phanice alikuwa amekaa kwenye benchi letu siku kumi na moja. Nilimwona akivuta pumzi.

"Siwezi, Mkurugenzi," akasema. "Kifungu cha nne."

Kutoka mstari wa nyuma Mama Nyanchama alisimama. Alisema yeye hakusoma sana, na Kiswahili chake ni cha sokoni, lakini angependa yule binti amsomee tena kile kifungu kinachofuata. Marion akageuza karatasi, akakisoma kifungu cha tano, polepole, kwa sauti ileile. Alipomaliza hakuna aliyecheka. Watu walikuwa wakimtazama Bwana Ogari kama mtu anayetazama maziwa yaliyo karibu kuchemka.

Mkurugenzi akatangaza kwamba kifungu hicho kitatafsiriwa na kamati. Mwalimu mmoja mzee akauliza, kwa heshima, kama wanakamati wameshafikisha alama kumi, maana tafsiri nayo ni maoni. Tukapanda mmoja mmoja. Mwenyekiti alipata mbili. Mweka hazina aliteguka kifundo cha mguu kabla ya kuanza. Mimi nilipata nne, na nashikilia kuwa jua lilinipiga machoni.

Ilipofika saa nane mchana, katika ofisi nzima hakuna mtu aliyekuwa na haki ya kusema lolote kuhusu kuruka. Marion akakunja waraka, akauliza kama hata yeye anaweza kujaribu. Akavaa soksi. Alipata arobaini na moja.

Kwa hiyo, kwa waraka wetu wenyewe, uliopigwa muhuri wetu wenyewe, Marion ndiye aliyebaki na mamlaka. Amri yake ya kwanza aliiandika kwa mkono, akiwa bado na soksi: ukumbi ufunguliwe leo. Phanice aliisoma mara mbili. Kisha akageuka ukutani, akaficha uso kwa kiganja, na wale vijana sita wakamzunguka.

Mkurugenzi na mimi tunafundishwa kila Jumanne na Alhamisi, kwenye kona ya watoto wadogo. Mama Nyanchama husafiri kutoka Nyamarambe kwa ajili yetu. Ni mwalimu mvumilivu. Alhamisi ya kwanza alimtazama Mkurugenzi akijaribu, akamwita tata, yaani baba, kama wanavyoheshimiana watu wa kwao.

"Tata, unaogopa kuwa juu bila mtu wa kukushika. Legeza mwili."

Bwana Ogari alimjibu kwamba hawezi kufundishwa kuhusu juu. Yeye amekaa juu miaka kumi na minne.

"Ulikuwa umebebwa, tata," alisema Mama Nyanchama. "Sasa ruka."

Wiki ya tano Mkurugenzi alipata alama tisa. Ilikuwa imebaki moja. Aliandika barua ya rufaa ya kurasa sita, akiomba nafasi yake, uzoefu wake na nia yake njema vihesabiwe kuwa alama ya kumi. Niliipeleka mwenyewe kwa Marion. Aliisoma yote bila kuruka ukurasa, akachukua kalamu, akaandika pembeni maneno mawili, akanirudishia.

Aruke tena.