Baba Joyce na Maana ya Mtoto

Kahawa ya Sijaona pale Maisaka hainyweki kimya kimya. Ukishakaa kwenye lile benchi lake lazima uwe na msimamo, na asubuhi hiyo Baba Joyce alikuwa nao tele. Sele Tuta, dereva bodaboda aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuna tuta Babati nzima ambalo halijamwangusha, alikuwa ameinua simu juu ili watu wasikie taarifa ya habari. Huko ng'ambo maelfu wameandamana siku ya tatu mfululizo, wanadai haki sawa kwa wote, mvua inanyesha na hawaondoki.

"Hawaondoki!" Baba Joyce alijipiga goti. "Mnawaona watu hao? Sisi hapa likidondoka tone moja, Spika anafunga duka."

"Mimi nauza vitenge," alisema Mikidadi, ambaye kijiweni ni Spika kwa sababu haongei mtu mpaka yeye aruhusu. "Vikilowa, haki yangu atanipa nani?"

"Ubinafsi huo! Binadamu wote ni sawa, Spika. Tajiri, fukara, mweusi, mweupe, mwanamume, mwanamke. Sawa! Mimi ningekuwa kule, ningekuwa mstari wa mbele."

"Ungefikaje?" Sele aliuliza. "Juzi kwenda Nangara tu uliomba lifti."

Benchi lilicheka. Baba Joyce hakucheka. Masuala ya usawa hakuwahi kuyafanyia mzaha. Mwaka wa sita huu alikuwa anawatetea wanyonge wa mabara yote akiwa amekaa hapo hapo, na hakuna mnyonge hata mmoja aliyewahi kulalamika.

"Mheshimiwa Spika, naomba mwongozo," Sele alisema.

"Umepewa. Kwa kifupi."

"Huo usawa wa Baba Joyce unaishia wapi? Maana Jumamosi nilimpeleka dada yake, Ursula, kwenye kikao cha ukoo kule Mutuka. Nikamsubiri nje. Na lile dirisha halina kioo."

Baba Joyce akameza kahawa bila kuipuliza, ikamuunguza.

"Hilo ni suala la ukoo," alisema.

"Kiti kinaruhusu suala la ukoo," alisema Spika.

Ikabidi aeleze. Marehemu baba yao aliacha shamba na karatasi yenye mstari mmoja: shamba hili wagawane watoto wangu wote. Mzee alizaa wanaume watano, na Ursula. Huyo Ursula ndiye aliyerudi nyumbani kumuuguza mzee miaka minane, na mpaka leo ndiye anayelima mahindi na mbaazi za hapo. Kesho asubuhi shamba linapimwa, na kikao kimemwachia Baba Joyce kazi ya kupima na kugawa mafungu. Ursula asipohesabiwa, hana pa kulima, na hata chumba anacholala kitaangukia kwenye fungu la mtu mwingine.

"Sasa ugumu uko wapi?" Sijaona aliuliza huku akisuuza vikombe. "Watoto sita, mafungu sita."

"Watano," alisema Baba Joyce. "Kwetu mzee akisema watoto, anasema wa kiume. Ndiyo lugha yetu. Wa kike ni binti, anahesabiwa kule alikoolewa."

"Ursula hajaolewa," Sele alisema.

"Hilo ni tatizo lake, siyo la karatasi. Mzee angetaka naye apate, angeandika 'watoto wangu na binti yangu'. Mimi nimesoma kilichoandikwa tu."

"Na kaandika 'wote'," alisema Spika.

"Wote watano."

"Na ule usawa wa kwenye mvua?"

"Ule wa kimataifa. Huu wa ukoo. Usichanganye mafaili, Spika."

Kusema kweli moyo ulimchoma. Alimkumbuka Ursula akimgeuza mzee kitandani, huku wao wanaume watano wakimpigia simu kumuuliza mzee ameamkaje. Lakini ile sehemu ya bondeni alikuwa ameshaipangia alizeti. Akaumwagia moyo kahawa.

Hapo ndipo Ursula alipotokea, anatoka sokoni na kikapu. Akawasalimu wote kwa adabu, akaagiza kikombe, akakaa benchini katikati ya Sele na Spika. Kisha akamgeukia kaka yake.

"Shikamoo, Egidius."

Vikombe vilisimama hewani. Egidius ni jina la kwenye kitambulisho. Hata mke wake halitumii.

"Egidius? Tangu lini? Heshima imekuishia?"

"Hapana kaka, nafuata tafsiri yako ya Jumamosi. Nilikuwa nakuita Baba Joyce nikidhani una mtoto."

Sele akaweka simu chini. Spika akaanza kuhesabu kwa vidole, taratibu.

"Joyce, wa kike. Aikande, wa kike. Rogathe, wa kike. Jumla ya watoto, hakuna."

"Pole sana, mzee wangu," Sele alisema kwa huruma. "Miaka yote hiyo, kumbe mwenzetu unahangaika."

"Msikate tamaa," Sijaona aliongeza. "Siku hizi hospitali wanasaidia."

"Acheni upuuzi!" Baba Joyce aliruka juu, kahawa ikamwagikia suruali. "Joyce ni mtoto wangu! Nimembeba mgongoni, nimemsomesha mpaka ualimu! Anayesema Joyce siyo mtoto wangu asimame hapa tuonane!"

Hakuna aliyesimama. Aliyekuwa amesimama ni yeye peke yake.

Walimwangalia, naye akabaki anasikiliza alichokisema. Ursula hakutabasamu. Mikono yake iliyoshika kikombe ilikuwa na udongo ambao maji ya asubuhi hayakuutoa.

"Kwa ajili ya kumbukumbu," alisema Spika, "kiti kinauliza. Tukuite nani?"

Baba Joyce alikaa. Akaliaga bonde, akaiaga alizeti.

"Baba Joyce," alisema kwa sauti ya chini.

"Hatujasikia."

"Baba Joyce! Mmeridhika?"

Ursula akamaliza kahawa, akashika kikapu chake.

"Shikamoo, Baba Joyce. Kamba ya kupimia unayo wewe. Kesho saa mbili uje nayo."

"Marahaba," alisema Baba Joyce, akikung'uta suruali. Halafu akamwita kabla hajafika barabarani. "Ursula! Mafungu sita."