Namna Elfu Arobaini za Kukaa Kwenye Benchi Moja

Hezroni Mwaijande,
Matema,
Kyela.

Kwako Mkuu wa Shule, Madam Pili,

YAH: MWALIMU KHERI NA SOMO LAKE LA UWEZEKANO

Shikamoo kama unanizidi umri, na kama nakuzidi basi yako nimeshaipokea. Huku nyumbani mimi ni mzima, mke wangu Jovina ni mzima, mpunga umechanua. Kinachoumwa ni hisabati.

Kabla ya malalamiko nijitambulishe. Mimi ndiye baba yake Evodia wa kidato cha nne, lakini usinichukulie kama mzazi wa kawaida. Nimefanya kazi melini. Nimekunywa chai Mbamba Bay na kuumwa tumbo Nkhata Bay. Kazi yangu ilikuwa jikoni, ila nahodha hakung'oa nanga hata siku moja kabla ya kuniuliza, ingawa mara nyingi alichouliza ni kama chai iko tayari. Shule niliishia kidato cha pili. Sikufeli. Mtihani ndio ulikuja na maswali ambayo sikuyapenda. Kwa hiyo ninaposema hisabati imevuka mpaka, ujue anayesema ni mtu aliyevuka mipaka.

Sina ugomvi na Mwalimu Kheri kama mtu. Ni kijana mstaarabu, salamu zake za Pangani ukizianza asubuhi unazimaliza jua likiwa kichwani. Lakini tangu aanze hilo somo la uwezekano na la kuhesabu namna za kupanga vitu, nyumba yangu haikaliki. Naeleza kwa namba, maana siku hizi bila namba sisikilizwi hata na mwanangu.

1. KICHWA CHA MBASA. Mwalimu aliingia darasani na chungu cha Wakisi kutoka gulio la Jumamosi, akatia maharage meupe na mekundu, akawaambia watoto watumbukize mkono bila kuchungulia, na kabla ya kutoa waseme uwezekano wa kupata jekundu. Sawa, mchezo. Sasa kwangu samaki mbasa hukatwa vipande vitano, na kichwa ni cha baba tangu nilipooa. Evodia akaja na habari kwamba vipande ni vitano, walaji ni watano, kwa hiyo nafasi yangu ya kupata kichwa ni moja kwa tano kama ya mtu mwingine yeyote. Jovina akalipenda somo hilo haraka kuliko alivyowahi kunipenda mimi. Siku hizi tunachota kwa upawa huku tumefumba macho. Nimekula mkia wiki nzima. Jovina ananyonya jicho la mbasa huku ananitazama kwa la kwake.

2. MVUA. Watu wa hapa wananiheshimu kwa hali ya hewa. Kila asubuhi nasimama uani, nanusa upepo unaoshuka Milima ya Livingstone, natangaza: leo itanyesha. Na inanyesha! Watu wanaahirisha kuanika kakao kwa neno langu. Evodia akasema mbele ya wageni, "Baba, Aprili Kyela hata mbuzi akisema mee mvua inanyesha." Halafu akaniuliza ni mara ngapi nimewahi kutabiri kwamba haitanyesha. Nikajibu kweli, kwamba sijawahi. Wakacheka mpaka mmoja akamwaga chai. Madam, mtu anaweza kujenga jina kwa miaka ishirini, swali moja la kidato cha nne likalibomoa.

Hayo mawili ningeyameza. Sijakuandikia kwa ajili ya samaki.

3. BENCHI. Jumamosi hii tunamuaga Wema, binti wa marehemu kaka yangu Amon. Nimemlea tangu ana meno mawili. Anaolewa na Gwamaka wa Ipyana, kijana mzuri, hana maneno mengi, kosa lake ni hilo tu. Kwetu, siku ya kumuaga binti, wazee wa ukoo hukaa kwenye benchi moja, na yule wa mwisho kulia, jirani na kiti cha bibi harusi, ndiye anayeinuka kumshika mkono na kumkabidhi kwa wakwe. Mahali pale ni pa baba. Baba hayupo. Wazee tuko wanane, mimi nikiwa mdogo kuliko wote, kwa hiyo nafasi yangu ni ncha ya kushoto, jirani na masufuria.

Mzee Adolf anasema mahali pa Amon ni pake kwa kuwa amezaliwa kwanza. Mzee Jubilate anasema ni pake kwa kuwa mama yake aliolewa kwanza. Kila mmoja ana watu wake. Mimi ndiye mwenyekiti wa kamati, na kama mtu aliyetembea nikasema kwa busara: wazee, tutafute namna nyingine ya kukaa. Hapo Evodia alikuwa anapitisha vikombe. Hakuulizwa. Akasema, "Baba, watu wanane kwenye benchi wana namna elfu arobaini mia tatu na ishirini za kukaa. Mwalimu Kheri katufundisha: wa kwanza ana nafasi nane, wa pili saba, wa tatu sita, unazidisha mpaka mwisho."

Mzee Adolf akaweka kikombe chini. "Hezroni," akasema, "kumbe namna ziko elfu arobaini, na wewe umetuonyesha moja! Hizo nyingine umemwekea nani?"

Madam, nimeshawahi kukamatwa na upepo wa mwera katikati ya ziwa, lakini sikuwahi kutafuta pa kujishikiza kama siku ile. Mzee Jubilate, ambaye hajakubaliana na Adolf tangu tuhamie sarafu mpya, akakubaliana naye papo hapo: zijaribiwe zote, asidhulumiwe mtu. Tukaanza. Kaa huku, ondoka, sogea, na kila namna lazima ijadiliwe, kwa kuwa kila anayehamia kulia anatoa neno la shukrani na kila anayehamia kushoto anatoa neno la masikitiko. Mzee Nelson alisinzia, tukawa tunamhamisha hivyohivyo. Evodia akapiga hesabu kwamba tukijaribu namna kumi kila siku, Jumapili ikiwemo, tutamaliza baada ya miaka kumi na moja. Mzee Jubilate akasema, "Kwani tuna haraka gani?"

Haraka anayo Wema. Wakwe wametuma neno kwamba kama Jumamosi hatakuwepo mtu wa kumkabidhi, watageuza na ng'ombe wao. Binti hali chakula. Anafagia uani palipokwisha kufagiliwa, na akipita karibu na lile benchi anageuza uso. Sasa niambie, Madam, ni mtaala gani uliosema mtoto wa marehemu akose harusi kwa sababu ya kuzidisha?

4. KURA. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Evodia kaona ametuharibia, akaja na dawa kutoka duka lilelile la sumu: tupige kura. Maharage meupe saba, jekundu moja, atakayepata jekundu akae mahali pa Amon. Kila mzee, anasema, ana nafasi sawa. Sawa! Mzee Adolf aliuliza, "Mimi na Nelson, sawa? Nelson aliyekuwa ananibebea viatu?" Heshima yote tuliyoijenga, kila mtu na ngazi yake, mwalimu anaifuta kwa harage.

Na kuna kubwa zaidi. Nilimuuliza mwanangu kwa upole, wanane tukichota kwa zamu, anayechota wa mwisho si amekwisha? Akaniambia hapana, wa mwisho ana nafasi ileile ya wa kwanza, moja kwa nane, Mwalimu Kheri amewathibitishia ubaoni. Madam Pili, na wewe ni mtu mzima. Wa mwisho kwenye sinia la wali anapata nini? Ukoko! Wa mwisho kwenye foleni ya mafuta ya taa anapata nini? Pole! Mimi nimekuwa wa mwisho kuzaliwa, wa mwisho kunyolewa, wa mwisho kugawiwa shamba, nikapewa lile linalokwenda na maji. Hakuna anayejua habari za wa mwisho kunishinda. Kama shule inawafundisha watoto kwamba wa mwisho ni sawa na wa kwanza, basi inawafundisha uongo, na uongo wa namna hiyo unaumiza, kwa sababu mtu anaweza kuuamini.

5. MAOMBI. Kwa hayo naomba: Mwalimu Kheri azuiwe kuzidisha kitu chochote kinachohusu wazee. Watoto wafundishwe kwamba watu wanane hukaa kwa namna moja, nayo ni ile waliyokaa mwaka jana. Chungu kirudi jikoni. Na ikiwezekana mwalimu ahamishiwe shule ambayo watu wake hawana ukoo.

Nisalimie walimu wote, mlinzi wa geti, mpishi wa uji, na Mwalimu Kheri mwenyewe, mwambie sina kinyongo na mtu, nina kinyongo na mada. Ndaga fijo kwa kunisoma mpaka hapa.

Mzazi wako mwenye huzuni na akili timamu,

Hezroni Mwaijande
(Mwenyekiti, Kamati ya Kumuaga Wema)

N.B. Madam, barua hii ilikuwa mezani ikisubiri bahasha, jambo likatokea. Leo Wema mwenyewe alitoka jikoni na chungu chenye maharage manane, akasema, "Baba zangu, chagueni. Hiki chungu, au naenda Ipyana kwa miguu na atakayenikabidhi ni mbuzi." Wazee wakakubali kura, kwa sharti moja la Mzee Adolf: tuchote kwa kufuata umri, ili wakubwa waiwahi bahati. Adolf akachota, jeupe. Jubilate, jeupe. Wakaendelea kushuka hivyo, na Nelson akaamshwa, jeupe. Chungu kikafika kwangu kimebaki na harage moja. Nilitumbukiza mkono hata hivyo.

Mzee Adolf akapiga kelele kwamba chungu hakikutikiswa, turudie. Wema akafunika mdomo wa chungu kwa kiganja, akasema, "Baba amepata." Miaka yote hii ameniita baba mdogo. Moshi wa jikoni kwetu ni mkali sana, uliniingia machoni.

Kwa hiyo futa namba tatu, namba nne na maombi yote. Somo liendelee, tena liongezewe vipindi. Mwalimu Kheri aje Jumamosi na chungu chake, nitamtambulisha kwa wakwe. Namba mbili isamehewe, ila mje na miamvuli, maana nimenusa upepo na itanyesha.

Namba moja ibaki palepale. Jana tena nimepata mkia.