Moja Kulia, Tano Kushoto

Jumatatu, 3 Machi
Binti yangu ana macho mawili yasiyolingana nguvu! Daktari wa macho kasema mwenyewe. La kulia linaona vizuri kiasi. La kushoto ni vivu, kazi yote linamwachia mwenzake. Kumbe ndiyo maana mpira wa pete unamgonga pua! Ana miaka tisa tu, akivaa miwani jicho litaanza kuamka. Jumamosi mwalimu wa michezo anamjaribu kufunga. Akishindwa, nafasi ya mfungaji kwenye timu anapewa binti wa wifi yangu. Thubutu!

Jumanne, 4 Machi
Miwani tayari. Mwanangu kama profesa! Ila kioo cha kushoto kinene, cha kulia chembamba kama kucha. Wifi kaja mbio kuniuliza eti tumeunganisha ya bibi na ya babu? Nikacheka kwa meno tu.
Nikafungua karatasi ya daktari. Kulia moja, kushoto tano. Mwanangu apate moja? Mwanangu mimi! Mbele ya kila namba kuna kimstari, nadhani pambo. Nimeandika tano pande zote, kwa mwandiko wa kidaktari hasa, yaani mbaya.

Jumatano, 5 Machi
Duka jingine wamebadilisha kioo papo hapo. Sasa sawasawa! Nikampitisha mwanangu dirishani kwa wifi mara tatu. Mara ya tatu kauamkia shikamoo mti wa kamba ya nguo. Nikasema ndiyo malezi hayo.

Alhamisi, 6 Machi
Kichwa kinamuuma. Chai kaimimina kando ya kikombe. Analia, mama nirudishie ile ya bibi na babu. Roho imeniuma jamani. Daktari kanisema mpaka nikawa mdogo: hizo ni nguvu za vioo, si maksi! Kila jicho lipewe lake, ndipo yashirikiane. Kioo chembamba kimerudi. Nimeapa sitagusa tena karatasi ya daktari.

Jumamosi, 8 Machi
Kafunga saba! SABA! Mpira kaudaka kwa mikono, si kwa pua. Nafasi ni yake! Wifi kapiga makofi kwa ncha za vidole. Nikamweleza siri: ni ile siku ya tano kwa tano, ndiyo iliyolishtua jicho. Daktari naye si kila kitu anajua.
Halafu nikaichunguza miwani ya mume wangu. Upande mmoja mwembamba! Ya shemeji vilevile! Nimeutangazia ukoo mzima: mwenye miwani aje na karatasi yake, kalamu ninayo. Kesho Jumapili, saa nane mchana, wanakuja wote.