Lopeti na Gari Lililovikwa Mkeka

"Hivi dada, wanaume mashujaa waliisha wote, au wapo wamejificha?"

Ndivyo alivyoniuliza jirani yangu Seini siku moja, tukianua nguo kabla ya mvua. Sikumjibu, maana swali zito halijibiwi ukiwa na vibanio vya nguo mdomoni. Leo najibu. Sogeeni, enyi wa Kolofo'ou, nanyi wa Ma'ufanga, nanyi mliovuka maji kutoka visiwa vya Vava'u. Wekeni chini visu vya viazi, mkapate kusikia habari za Lopeti mwana wa Feleti, Mfunua Boneti, Mmwaga Maji, Asiyekimbia Mvuke, jinsi alivyopigana na gari lake mwenyewe mbele ya soko la Talamahu, jua likiwaka. Nawe Bwana, uliyewavusha watu wako baharini pasipo gari, uushike ulimi wangu nisizidishe. Na nikizidisha, iwe kidogo.

Ilikuwa Jumamosi ya harusi ya Lupe, binti pekee wa Lopeti. Mchungaji alikwisha kutaja saa, naye hasemi mara mbili: akitoka kufungisha ndoa ana maziko kijiji cha pili, na atakayechelewa atangoja Jumamosi nyingine. Nguruwe nao walikwisha kufukiwa kwenye tanuri la ardhini, na nguruwe aliyeiva hajui habari za Jumamosi nyingine.

Garini tulikuwa wanne. Lopeti kashika usukani. Mimi kando yake, dada wa marehemu mkewe. Nyuma bibi harusi, na ubavuni mwake Shangazi Kalolaine, dada mkubwa wa Lopeti. Na dada wa mwanamume, kwetu kisiwani Tongatapu, ni kama jua la mchana: humkazii macho, wala humwambii kwamba ameunguza.

Asubuhi ile Shangazi alilitazama gari, limeoshwa likang'aa, akauliza, "Litakwenda nyumbani kwa Mungu uchi hivi?" Akaagiza mkeka wa heshima, ule mnene wa bibi yao, akalivika usoni kwa mikono yake, kutoka taa hata taa, akaukaza kwa kamba, kama sisi sote tulivyojifunga mikeka viunoni. Tukasema limependeza. Na kweli lilipendeza.

Basi tulipofika sokoni foleni ikatuzingira mbele na nyuma kama majeshi ya Wafilisti, na mshale wa joto, uliokuwa umelala kwa adabu, ukainuka, ukapanda, ukagota juu kabisa. Mvuke ukatoka.

"Limechemsha!" akapiga yowe muuza viazi mmoja aitwaye Manase. "Bwana Lopeti, nguruwe wa harusi umewaokea humo ndani?"

Lopeti akashuka. Akakaza mkeka wake kiunoni, akainua mkono, akanena: "Enyi wauza viazi, nanyi mpigao honi! Mimi ni mwana wa Feleti, aliyelitengeneza lori la mbata kwa waya na sala. Injini haijazaliwa ya kunishinda!"

"Injini haijazaliwa, lakini binti yako anazeekea humo!" akajibu Manase.

Akafunua boneti. Kifuniko cha rejeta hakukigusa, maana ushujaa una mipaka na ngozi ni moja. Akapapasa mipira ya maji: haikuvuja. Akatazama mkanda: umekaza. Chupa ya maji ya akiba: imejaa. Feni: linanguruma kama bahari ya mwambani. Akarudi ndani, akawasha kipasha joto ili kuipunguzia injini moto, nao moto wote ukatujia sisi.

"Mwambieni Lopeti," akasema Shangazi kwa sauti ndogo, "mimi sikuja kuokwa."

Lopeti akakizima upesi, akatoka tena. Akashusha kiganja nyuma ya rejeta, penye feni, autafute upepo. Hapakuwa na upepo. Akachungulia upande wa pili, akauona mkeka umenyonywa na feni, umeng'ang'ania rejeta kama kiganja cha mtu kwenye pua ya mwenzake. Hapo akajua. Nami nikaona kwamba amejua. Na shujaa wetu, aliyeukabili mvuke pasipo kupepesa, akafanya nini? Akaenda nyuma kukagua matairi.

"Shemeji," nikamwita dirishani, "ni nini?"

"Thamostati," akasema, akiangalia soko.

"Hiyo thamostati yako ina nyuzi za ukindu?"

Akainamia tairi jingine. Nami singeweza kumsemea. Mjane kama mimi, tena wa upande wa mama wa bibi harusi, siku ya harusi mdomo wake ni wa kuimba zaburi.

"Baba," akasema Lupe, "mchungaji ataondoka."

Neno lile lilimchoma. Lopeti akarudi mbele taratibu, akasimama mbele ya boneti kama msemaji wa chifu mbele ya bakuli la kava, kinywaji cha heshima, akainama kidogo, akaanza kuihutubia injini. "Ewe mama wa chuma! Umevikwa heshima kubwa, heshima isiyokustahili. Pua yako ni ndogo, heshima ni pana. Wewe huwezi kusema, nami sithubutu. Ole wetu, ewe injini, tutakufa na adabu zetu!"

Soko likaacha kuuza. Wenye honi wakachungulia madirishani.

"Lopeti anazungumza na nani?" Shangazi akaniuliza.

"Na injini, Shangazi."

Akayarudia midomoni maneno yale, pua ndogo, heshima pana. Kisha akafungua mlango, akashuka na unene wake wote na heshima yake yote, akaiinamia injini. "Na wewe injini," akasema, "mbona hukusema mapema?" Akafungua kamba kwa mkono wake, akaukunja mkeka wa bibi yao, akauweka juu ya paa, akarudi kuketi.

Upepo ukaingia. Mvuke ukapungua, mshale ukashuka hatua kwa hatua kama mwenye dhambi aliyeitwa mbele ya madhabahu, na Manase akarusha kofia. Foleni ikasogea. Ndivyo lilivyookolewa taifa.

Tulimkuta mchungaji kwenye ngazi za kanisa, Biblia kwapani, kofia kichwani, mguu mmoja umekwisha kushuka. Mwingine angekimbilia ndani. Lopeti akasimama mbele ya gari, kiganja juu ya boneti, akapaza sauti wakasikia hata waliokuwa makaburini.

"Enyi watu wa Tongatapu! Waambieni watoto wenu, nao wawaambie wajukuu: leo moto uliinuka, na mtu mmoja akasimama mbele yake! Kwa kiganja hiki niliupima upepo! Kwa ulimi huu niliitiisha injini! Kizazi hiki kitahesabu miaka yake tangu—"

"Lopeti," akasema mchungaji, akitazama barabara ya makaburini.

"—tangu siku hii, mchungaji, nami sijamaliza! Kwanza nilifunua boneti..."

Lupe akafungua mlango mwenyewe. Akakusanya pindo za vazi lake, akashuka, akampita baba yake, ambaye mkono wake ulikuwa bado hewani, akaingia zake kanisani.