Watakatifu wa Baridi na Nyanya Zangu

Jumatano, 7 Mei
Nyuzi joto ishirini na tatu! Nimevua hadi fulana. Miche yangu kumi na minane ya nyanya imerefuka dirishani mpaka inaegemea kioo. Mke wangu Grażyna amesema mwaka huu ndio mwisho: nyanya zikifa tena, bustani inapandwa nyasi na kuwekwa bembea. Bembea! Udongo ule nimeulima miaka kumi na tisa.

Alhamisi, 8 Mei
Nimepanda yote. Bi Leokadia, jirani wa ng'ambo ya ua, akaniuliza kama nyumbani sina kalenda. Watakatifu wa Baridi bado, wale ambao sikukuu zao huleta baridi ya mwisho ya kuua miche: Pankracy, Serwacy na Bonifacy, tarehe kumi na mbili hadi kumi na nne, kisha Zofia, tarehe kumi na tano, aje kuifungia baridi mlango. Eti mtu mwenye akili hapandi nyanya kabla ya Zofia. Nikamjibu kwamba tarehe tatu theluji ilianguka, kwa hiyo mwaka huu wamewahi, wamekuja na kwenda zao. Akasema labda walikuja kukagua tu. Ana mdomo yule mama! Na kila mwaka nyanya ya kwanza huila yeye.

Jumatatu, 12 Mei
Pankracy amefika. Asubuhi umande umeganda, nyasi nyeupe. Miche mizima, maana jana niliifunika mapazia ya sebuleni. Grażyna ameuliza mapazia yako wapi. Nimesema yanapigwa upepo. Si uongo.

Jumanne, 13 Mei
Serwacy ni mkali zaidi. Lakini akili ni mali! Nimejenga kibanda cha nailoni juu ya miche, ndani nimewasha mishumaa kumi ya makaburini, ile Grażyna aliyoiweka akiba kwa kaburi la marehemu mama yake. Joto kama jikoni. Leokadia alipopita jioni alifanya ishara ya msalaba, akauliza nimemzika nani. Nikamwambia hii ni sayansi. Akasema basi sayansi ipumzike kwa amani.

Jumatano, 14 Mei
Nailoni imeyeyuka. Imeangukia miche yote, hakuna hata mmoja uliopona. Na Bonifacy mwenyewe hakuleta baridi hata chembe, asubuhi ilikuwa ya mawingu na joto! Nimekaa juu ya ndoo nikalia. Sioni haya kuandika.

Alhamisi, 15 Mei
Zofia. Leokadia amenipitishia miche sita juu ya ua, minene, mizuri. Akasema Grażyna nimwambie nipendavyo, yeye hakuona kitu. Sharti moja: ikae ndani mpaka Jumatatu, redio inasema baridi itarudi kesho kutwa. Nimeapa, nimemshika mkono. Nimeona aibu kwa kila nililowahi kumsema.

Ijumaa, 16 Mei
Nyuzi ishirini na tano, hakuna hata wingu. Redio hiyohiyo ilitabiri mvua siku ya harusi ya binti yetu, tukaunguzwa na jua. Halafu nikawaza: Leokadia anapanda Jumatatu. Nikipanda leo namtangulia siku tatu, nyanya ya kwanza ni yangu, tena kwa miche yake mwenyewe! Nimepanda yote sita. Grażyna amekuja, akahesabu miche, kisha akaanza kupima kwa hatua mahali pa bembea. Mwache apime.