Uzinduzi wa Mtambo wa Kupimia Moshi, Wadi Kabir

Mheshimiwa Mudiri, uliyealikwa hukuja. Mheshimiwa Naibu Mudiri, uliyemtuma dereva wako. Mheshimiwa Dereva, ambaye naona umeshaanza sambusa. Mashekhe, mabibi, mafundi wa Wadi Kabir, na nyote mliokuja na gari zenu kongwe, zikiwamo zilizokuja kwa kusukumwa: assalaamu alaykum. (Watu wanaitikia. Mmoja anakohoa.)

Mimi, Yaarub, mwenyekiti wa Lajna, yaani Kamati, ya Hewa Safi, mwanzilishi wake, msemaji wake na mwanachama wake pekee mwenye muhuri, nna furaha kubwa kusimama mbele ya mtambo huu uliofunikwa shuka la kijani, ambao kwa teknolojia ya kisasa, sistimu ya kisasa na mkakati wa kisasa zaidi, utapima moshi wa gari yoyote iliyomzidi umri dereva wake, ili mwenyewe akifika kwenye ukaguzi wa serikali asirudishwe tena mbele ya wakwe zake. (Makofi. Bwana Msellem, mwenye pikapu ya buluu, anakuja mbele na spana mkononi.)

Karibu, Bwana Msellem, kaa. ("Sikai, sheikh. Nimefuata kabureta yangu.")

Tutafika hapo. Kwa faida ya wageni, pikapu ya mzee wetu huyu imeshaangushwa kwenye ukaguzi mara mbili kwa sababu ya moshi, mulkiya yake, ile kadi ya gari, imekwisha muda, ukaguzi unafungwa adhuhuri, na jioni ya leo anatakiwa amfikishe mkewe, Bi Hamdiya, Qurayyat kwenye harusi ya mjukuu wao. Basi alinunua kabureta mpya, na kwa uzalendo wake akaiazima lajna kwa majaribio ya siku moja. ("Siku moja hiyo ilikuwa ya Ramadhani," anasema Bi Hamdiya, kajifunga buibui lake, kakalia sanduku la nguo. "Leo tumo mwezi wa mfungo tatu.")

Siku moja ya kitaalamu, bibi. Na matokeo yake? Gari zote zilizopita mikononi mwa lajna zimefaulu ukaguzi, asilimia mia kwa mia, rekodi ambayo hata nchi zilizoendelea zinaisikia tu, na siri ya mafanikio hayo, kama wadau wanavyojua, ni uongozi. ("Siri ni kabureta yangu," anasema Bwana Msellem. "Kafungiwa Khattab, akapita, ikafunguliwa. Kafungiwa Nasr, akapita, ikafunguliwa. Yakhe, imetembea Maskati hii kuliko mimi." Kicheko. Khattab na Nasr wanatazama viatu vyao.)

Huo ndio unaitwa mzunguko wa rasilimali. Na kwa sasa rasilimali hiyo imo katika gari yangu mwenyewe, kwa tathmini ya mwisho, na jana gari hiyo imepita, ahsanteni kwa makofi. (Hakuna makofi. Boneti ya gari ya mwenyekiti inafunguliwa.)

Bwana Msellem, hiyo ni gari ya mwenyekiti. ("Najua. We hutubia tu, sheikh, zimebaki nati mbili.")

Nahutubia. Kituo hiki kitakuwa na tawi Khuwair ya Kusini, tawi Qurayyat, mkahawa, na chumba cha kungojea chenye eyakondishan, na gari itakayoingia ikifuka kama tanuri la mkate itatoka ikinukia udi. (Bwana Msellem anahamia kwenye pikapu yake na kabureta chini ya kwapa. Watu wanampisha njia.)

Sasa kaulimbiu zetu. Nikisema moshi, mseme utoke. Moshi! (Pikapu ya buluu inawaka mara moja. "Umetoka," anasema Bwana Msellem.)

Kwa kumalizia, namshukuru Bwana Harub kwa turubali, ambalo atarudishiwa leo leo. Namshukuru Bi Masouda kwa kutuazima mtambo, yaani mashine yake ya kufulia, na nawaomba mumrudishie kabla hajaroweka nguo, pamoja na ule mpira wa kumwagia maji tuliouchomeka kwenye ekzosi za watu. Mtambo wa kupimia moshi utaagizwa pindi lajna itakapoundwa.

Na namshukuru Bwana Msellem, ambaye namwomba asiondoke kwanza, kwa sababu gari yangu haiwaki tena, na mimi nakaa Khuwair. ("Khuwair hatufiki," anasema Bi Hamdiya kutoka dirishani, sanduku mapajani. "Panda huko nyuma, ujifunike hilo shuka lako la kijani usiingie vumbi. Tutakushusha kwenye ukaguzi, ukaone mtambo wenyewe unafananaje.")